Gundi ya Kupuliza na Kazi ya Bandi

Fundi cherehani anayeshona koti hapeleki bitana moja kwa moja chini ya sindano ya mashine. Kwanza hupiga bandi: huishikiza bitana kwenye nguo kwa mishono mirefu ya mkono, iliyolegea, ambayo haikukusudiwa kudumu. Kazi ya cherehani ikimalizika, uzi wa bandi huchomolewa na kutupwa. Kwa hiyo bandi ni mshono wa ajabu kidogo, kwani thamani yake yote imo katika mambo mawili yanayoelekea kupingana: ushike imara wakati wa kazi, na uachie kwa urahisi kazi ikiisha.

Nchini Marekani, ambako ushonaji wa mifarishi ni sanaa kubwa ya nyumbani, wapo washonaji wengi walioiweka kando sindano ya bandi na kushika kopo la gundi ya kupuliza. Jambo hilo laonekana dogo. Lakini ndani ya kopo hilo yamo maswali kadhaa ya fizikia na kemia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyafuata hatua kwa hatua, na mojawapo linahusu afya ya yule aliyelishika kopo.

Matabaka matatu yasiyotulia

Mfarishi wa Kimarekani huwa na matabaka matatu. Juu kuna uso, ambao aghalabu huundwa kwa vipande vidogo vya kitambaa vilivyoungwa kwa mpango. Chini kuna bitana. Na kati yake hulazwa pamba iliyochambuliwa na kutandazwa, au siku hizi nyuzi za poliesta. Bitana hiyo mara nyingi ilikuwa ya pamba isiyotiwa rangi, ndugu wa kitambaa kile ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja katika karne ya 19, na ambacho Waswahili wamekiita marekani hadi leo. Matabaka yote matatu hushonwa pamoja kwa mistari mingi ya mishono inayopita katika mfarishi mzima, ili pamba iliyomo isijikusanye upande mmoja.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono juu ya kiunzi cha mbao. Matabaka yaliwambwa kama ngozi ya ngoma, na washonaji wakakaa kukizunguka kiunzi. Kitu kilichowambwa hakitelezi. Cherehani ya nyumbani, ambayo haina kiunzi, ndiyo iliyoleta taabu. Chini ya mguu wa cherehani kuna meno madogo ya chuma yanayosogeza nguo kwenda nyuma. Meno hayo hugusa tabaka la chini tu. Tabaka la juu husuguana na mguu wa cherehani, nao hulizuia. Matokeo yake ni kwamba bitana hutangulia na uso hubaki nyuma. Ichukuliwe kwamba tofauti hiyo ni nusu milimita tu katika kila sentimita 10 za mshono. Mshonaji atakapofika mwisho wa mfarishi wenye urefu wa mita 2, tofauti itakuwa imefika milimita 10. Sentimita moja ya kitambaa kisicho na mahali pa kwenda hujikunja, na mshono unaofuata huikamata kunjo hiyo na kuifunga pale milele.

Ndiyo sababu anayeshona mfarishi kwa cherehani hana budi kupiga bandi kwanza. Kwa mfarishi wa mita 2 kwa 2, mistari ya bandi ikiachana kwa sentimita 10 katika pande zote mbili, ni mistari ipatayo 40 ya mita 2 kila mmoja, yaani mita 80 za mshono wa mkono. Mita hizo hushonwa kwa magoti, kwa kuwa meza ya kutandaza kitu hicho si rahisi kupatikana nyumbani. Wengine hutumia pini zenye kifungo, kama zile za kufungia nepi za watoto. Kwa kipimo kile kile zahitajika pini zipatazo 400, na kila moja lazima ifunguliwe kabla sindano haijaifikia.

Kwa muda mrefu walikuwapo waliodharau mifarishi ya cherehani na kusema kuwa si kazi ya kweli. Mwaka 1989 mfarishi wa Caryl Bryer Fallert uitwao Corona II: Solar Eclipse, ulioshonwa kwa cherehani, ulipata tuzo ya juu kabisa katika maonyesho ya American Quilter's Society mjini Paducah, Kentucky. Ulikuwa mfarishi wa kwanza wa cherehani kuipata tuzo hiyo, na tangu hapo ilikuwa vigumu kuendelea kudai kwamba cherehani ni chombo cha wavivu. Kadiri kazi ya cherehani ilivyoenea, ndivyo haja ya bandi ya haraka ilivyozidi.

Kopo na yaliyomo

Katika kopo la gundi ya kupuliza mna vitu vitatu. Cha kwanza ni gundi yenyewe, ambayo ni mfano wa mpira laini uliotengenezwa viwandani. Cha pili ni kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoiyeyusha gundi hiyo ili iweze kupita katika tundu dogo. Yaweza kuwa asetoni, sikloheksani au kimiminika kingine kinachokauka upesi. Cha tatu ni gesi ya kusukuma, kama propani na butani, ambazo ndizo pia gesi za kupikia, au dimethili etha.

Gesi hizo haziko katika kopo kama upepo ulivyo katika gurudumu la baiskeli. Sehemu kubwa ni kimiminika. Isobutani, kwa mfano, huchemka kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri ikiwa katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Lakini ikifungiwa katika kopo, mvuke wake hujaa juu ya kimiminika na kukikandamiza hadi kisiweze kuchemka tena. Katika nyuzi 20 za Selsiasi mvuke huo hufikia kanieneo ipatayo mara tatu ya ile ya angahewa. Hapa ipo tofauti inayofaa kukumbukwa darasani. Gurudumu likivuja, kanieneo yake hupungua tangu pumzi ya kwanza. Kopo likipulizwa, kimiminika kingine hugeuka mvuke na kujaza pengo, hivyo kanieneo hubaki karibu ile ile mpaka tone la mwisho la kimiminika litakapokwisha.

Kitufe kinapobonyezwa, mchanganyiko husukumwa juu kupitia mrija na kutoka nje. Huko hukutana na kanieneo ndogo, na gesi iliyokuwa kimiminika huchemka mara moja ndani ya mkondo wenyewe na kuupasua vipande vipande. Ni mchemko huo, zaidi ya udogo wa tundu, unaoigeuza gundi kuwa vitone vidogo. Ili kuchemka, gesi huhitaji joto, na joto hilo hulitoa katika kopo. Ndiyo maana kopo linalopulizwa kwa muda huwa baridi mkononi. Kinyume chake pia ni kweli. Kopo likipata joto, kanieneo ndani yake hupanda kwa kasi, na juu ya makopo mengi imeandikwa kwamba yasifikishwe nyuzi 50. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hufikia kiwango hicho bila shida.

Gundi isiyokauka

Mtu aliyezoea gundi ya mbao hudhani kwamba gundi hushika kwa sababu imekauka na kuwa ngumu. Gundi ya mfarishi haifanyi hivyo. Kiyeyushi huondoka, lakini mpira unaobaki haugandi. Hukaa katika hali ya ulaini siku zote, na ulaini huo ndio siri yake.

Molekuli za vitu viwili zikikaribiana sana huvutana kwa nguvu ziitwazo nguvu za van der Waals. Nguvu hizo zipo kati ya vitu vyote, lakini hufanya kazi katika umbali mdogo mno, na hutoweka pengo likiongezeka kidogo tu. Vipande viwili vya kitambaa vikiwekwa pamoja havishikani, kwa kuwa hugusana katika vilele vichache vya nyuzi zao. Gundi laini hutiririka polepole katika mabonde yaliyo kati ya nyuzi na kuyajaza, na hapo eneo la kugusana huongezeka sana. Katika miaka ya 1960 Carl Dahlquist, mwanasayansi wa kampuni ya 3M ya Marekani, alionyesha kwamba upo mpaka wa ulaini: kitu kikiwa kigumu kupita kipimo cha takriban newtoni 300,000 kwa mita ya mraba, hakiwezi kuifuata sura ya kitu kingine vya kutosha ili kinate kwa kubanwa kidogo. Mpira wa kawaida uko juu ya mpaka huo. Ndiyo maana kandambili hainati sakafuni.

Lakini ulaini peke yake hautoshi. Asali ni laini na hugusa kila mahali, ila haiwezi kuzuia nguo isiteleze. Gundi ya aina hii imeundwa kwa molekuli ndefu zilizosokotana kama nyuzi ndani ya kapu. Zikivutwa polepole hupata nafasi ya kufumuana, na gundi hutiririka. Zikivutwa ghafla hazipati nafasi, na gundi hukaza kama mpira. Kiganja kinacholainisha mfarishi hubana polepole, na gundi huitikia. Meno ya cherehani huvuta kwa vishindo vingi vya haraka, na gundi hukataa.

Kuna jambo jingine, na huenda ndilo linalomfaa mshonaji kuliko yote. Karatasi iliyobandikwa mezani yaweza kuvutwa kwa namna mbili. Ikivutwa kwa kulala, sambamba na meza, nguvu hugawanyika katika eneo lote lililonata. Ikiinuliwa ukingo na kubanduliwa, nguvu yote hukusanyika katika mstari mwembamba ambapo karatasi inaachana na meza. Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili kwa kipande cha selotepu chenye upana wa sentimita 2. Abandike urefu wa sentimita 5 kwenye ubao laini uliosimamishwa wima, auache ncha ining'inie, na atundike humo kikombe cha kutiliwa mchanga. Kisha augeuze ubao ulale, upande wenye selotepu ukitazama chini, ili mzigo ule ule uivute kwa kuibandua. Kipande kilichostahimili kikombe kilichojaa katika jaribio la kwanza kitaachia kwa mchanga kidogo tu katika la pili.

Tabaka la mfarishi linalotaka kuteleza chini ya cherehani huvuta kwa kulala. Mshonaji aliyeona kunjo huinua ukingo na kubandua. Kwa hiyo gundi dhaifu, iliyotapakaa eneo kubwa, humpa vyote viwili: cherehani haiwezi kulisogeza tabaka, lakini mkono waweza kulifungua, kulinyoosha na kulilaza upya.

Vitone navyo vina kazi yao. Gundi ikipakwa kwa brashi hufanya utando mmoja mzito, wakati gundi iliyopulizwa kutoka umbali wa sentimita 25 hivi huangukia pamba kama manyunyu na kuacha nafasi kati ya kitone na kitone. Kugusana ni kwa nukta tu, na kufunguka huwa rahisi. Wazo hilo hilo la kunata kwa nukta ndilo lililozaa vikaratasi vya kunatisha vya ofisini. Spencer Silver, mkemia wa 3M aliyekuwa akitafuta gundi kali, alipata mwaka 1968 gundi dhaifu yenye vitufe vidogo sana. Mwenzake Art Fry aliipatia kazi mwaka 1974, na vikaratasi hivyo vikaanza kuuzwa kote Marekani mwaka 1980. Mshonaji anayepuliza kupita kiasi kwa hofu ya kuteleza hujidhuru mwenyewe: gundi hukwama katika sindano, uzi hukatika na mishono hurukwa.

Kila kitu huenda mahali

Juu ya makopo mengine huandikwa kwamba gundi hutoweka yenyewe baada ya muda. Neno hilo ni la wauzaji, si la kemia. Maada haipotei. Kinachoweza kutokea ni kwamba kunata hupungua kwa vumbi, kwa nyuzi ndogo zinazojishika katika gundi, au kwa kukunjwakunjwa. Na gundi iliyotengenezwa ili ifuliwe huachana na nyuzi katika maji na sabuni, kisha huondoka na maji hayo. Mfarishi usiofuliwa hubaki na gundi yake.

Hiyo ni gundi. Gesi na kiyeyushi, ambavyo ndivyo sehemu kubwa ya kopo, huenda hewani, na hapo ndipo pana hatari. Mwanafunzi na apige hesabu ya uzito wa molekuli. Hewa ina wastani wa 29. Propani ni 44, dimethili etha 46, butani 58, heksani 86. Zote ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo mvuke wake, kabla haujachanganyika vizuri na hewa, hushuka na kutambaa sakafuni. Sasa akumbukwe yule mshonaji: ametandaza mfarishi sakafuni, amepiga magoti, ameinama, na pua yake iko karibu kabisa na mahali mvuke unapojikusanya. Ikiwa katika chumba cha pili kuna jiko linalowaka, mvuke waweza kulifikia kwa kupita chini ya mlango, na moto ukarudi kwa njia ile ile.

Moto huonekana, lakini sumu ya viyeyushi huja polepole. Katika miaka ya 1960 na 1970 madaktari wa Japani na Italia waliona mafundi wa ndala na viatu waliokuwa wakipata ganzi ya vidole na miguu kuishiwa nguvu. Wengi walifanya kazi nyumbani au katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa, na gundi waliyotumia ilikuwa na heksani. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwili huigeuza heksani kuwa kemikali nyingine inayoharibu mishipa ya fahamu, kuanzia ile mirefu inayofika miguuni na mikononi. Mshonaji anayepuliza kopo moja kwa msimu si sawa na fundi aliyekaa juu ya gundi kutwa kwa miaka. Hata hivyo fundi viatu wa mtaani anayepaka gundi ndani ya kibanda kilichofungwa yumo katika hali ile ile ya wale wa Japani. Anayenunua gundi ya aina yoyote asome yaliyoandikwa juu ya kopo, na achague isiyo na heksani. Na kazi ya kupuliza ifanyike barazani au uani, mfarishi ukiwa umetundikwa kwenye kamba au ukutani badala ya kulazwa chini.

Msomaji atauliza kwa nini gesi inayowaka moto ichaguliwe hata kidogo. Jibu limo katika historia ya kopo lenyewe. Mnorwe Erik Rotheim ndiye aliyebuni kopo la kupuliza katika miaka ya 1920, lakini lililoenea duniani lilitoka kwa Lyle Goodhue na William Sullivan wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1941, nalo lilikuwa la dawa ya wadudu. Askari wa Marekani waliopigana katika nchi za joto walilitumia kuua mbu wa malaria, na kila kopo la dawa ya mbu linalouzwa madukani leo ni mjukuu wake. Gesi yake ya kusukuma ilikuwa ya jamii ya klorofluorokaboni, ambayo haiwaki wala haina harufu, na kwa miaka 30 ilionekana haina kasoro. Mwaka 1974 Mario Molina na F. Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi hizo, kwa kuwa haziharibiki upesi, hupanda hadi juu ya angahewa, hupasuliwa na mwanga wa jua na kutoa klorini inayoharibu ozoni. Marekani ilizipiga marufuku katika makopo mengi mwaka 1978, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuziondoa duniani kote. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995. Viwanda vya makopo vilizirudia propani na butani. Ozoni imepata nafuu, lakini moto umerudi sebuleni, na ni juu ya mtumiaji kuujua.

Mahali pasipofaa gundi

Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837, alishona katika miaka ya 1880 mfarishi wenye picha za visa vya Biblia. Leo umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kinachoyashika matabaka yake baada ya zaidi ya miaka 100 ni uzi. Gundi zenye asili ya mpira huchakaa kwa oksijeni na mwanga: nyingine hugeuka njano, nyingine hukauka na kuvunjika kama ganda.

Jambo hili si la makumbusho tu. Mwaka 1987 ulianzishwa nchini Marekani mfarishi wa kumbukumbu ya waliokufa kwa ukimwi, ambao kila kipande chake, chenye ukubwa wa kaburi, yaani sentimita 90 kwa 180 hivi, hutengenezwa na jamaa au marafiki wa marehemu. Ulipotandazwa Washington mwezi wa Oktoba mwaka huo ulikuwa na vipande 1,920. Wengi waliovitengeneza hawakuwa washonaji, na gundi ndiyo ingekuwa njia rahisi ya kubandika herufi za jina. Waandalizi waliwashauri wasiitegemee, bali washone.

Kwa shule isiyo na makopo hayo, gundi ya unga inatosha kuionyesha kanuni ya bandi, na haina mvuke wa kuogopwa. Unga wa ngano au wanga wa muhogo hupikwa katika maji mengi mpaka uwe mwembamba kama uji wa mgonjwa, hupakwa kwa mistari membamba kati ya vipande vya marekani na pamba, kisha hupigwa pasi hadi ukauke. Wanafunzi washone kipande kimoja kilichopakwa na kingine kisichopakwa, wapime kwa rula tofauti ya kingo za uso na bitana, halafu wafue. Wataona pia kasoro yake: wanga hushika kwa kuwa mgumu, kwa hiyo ukingo ukikosewa haubanduliki na kulazwa upya mpaka ulowanishwe. Na kufua kusicheleweshwe, maana kitambaa chenye wanga kikiwekwa kabatini, mende watakipata kabla ya mwalimu kusahihisha madaftari.